Goti la Simenti la Mke wa Fundi Mwashi

Goti langu la kushoto sikuzaliwa nalo. Niliwekewa Mwanza, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kufukuzana huku kwetu Bariadi na mizani zao, kila mmoja akijiita mkombozi wa mkulima. Limo mguuni mpaka leo na linanibeba. Mwenzake wa kulia ndiye mlalamishi, anatangaza mvua kabla ya redio.

Naandika kwa sababu wanawake wawili wa kanisani kwetu wameambiwa na madaktari maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Wote wawili, kila mmoja kwa siku yake, wamekuja nyumbani kwangu, wakakaa, wakapandisha gauni wanionyeshe uvimbe, kisha wakaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Minza, la simenti au lisilo na simenti?" Nimechoka kurudia. Nimeamua kuandika mara moja, na mtanisamehe, mimi ni mtu wa maneno mengi.

Maumivu yalianza wakati wa palizi. Unapalilia pamba umeinama tangu asubuhi, jua linapanda, unanyoosha mgongo, unaona goti limekataa kunyooka pamoja na wewe. Mwaka wa kwanza nilipaka dawa ya kuchua. Mwaka wa pili nikachomwa sindano gotini, nikapata nafuu mpaka mavuno, kisha likarudi na hasira. Mwaka wa tatu nilikuwa natembelea fimbo, mguu umepinda nje kwa matege, na nikiinuka kitini watu wa upande wa pili wa chumba wanasikia goti likisaga.

Wifi yangu alikuja kutoka Zagayu na mganga. Sikumkataa, maana alikuja kwa mapenzi, na asingelala akijua hajafanya kitu. Nikachanjwa chale, nikapakwa dawa nyeusi. Goti lilibaki vilevile, wifi akarudi kwake na amani.

Na choo. Sitaona haya kulisema, maana hakuna aliyeniambia mimi. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, na mtu mwenye goti lililosagika akichuchumaa, kuinuka ni shughuli. Siku moja nilikaa humo ndani nikilia mpaka mume wangu akaja kunitoa. Kesho yake akaanza kujenga kiti cha zege juu ya shimo. Mume wangu, Baba Minza, mwenyewe Masunga, ni fundi mwashi, na nyumba nyingi za matofali mnazoziona upande wetu amezigusa. Alikilainisha kile kiti kwa mwiko kama anajenga altare, kisha akakizungushia kamba: siku saba mtu asiguse. Namwambia nimebanwa, ananiambia kiti hakijakomaa! Ndivyo alivyo. Kwake kitu kilichomwagwa kinaachwa kitulie, kinamwagiliwa maji asubuhi na jioni, na mwenye haraka atafute fundi mwingine.

Hospitali ya hapa Bariadi walipiga picha, daktari akaishika juani, akatikisa kichwa, akaniandikia barua ya Mwanza. Tulikwenda watatu: mimi, Baba Minza, na binti yetu mkubwa Minza, ambaye alikuwa anafundisha shule ya msingi Mwanhuzi na shule ilikuwa imefungwa.

Mtu akikuambia kuhusu upasuaji anakuambia kisu. Hakuambii benchi. Tulikaa kwenye benchi la kliniki ya mifupa siku mbili nzima. Siku ya kwanza daktari aliitwa kwenye ajali, tukaambiwa turudi kesho. Pale benchini kila mtu ana mguu wake na hadithi yake, na ukimaliza kusikiliza unaona la kwako dogo. Mama mmoja alinipa nusu ya muhogo wake wa kuchemsha bila kuniuliza jina. Jamani, ule muhogo nimeukumbuka kuliko dawa nyingi.

Siku ya pili tukaingia. Daktari alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa sauti ya polepole. Akasema madaktari wageni waliokuja kupasua naye walikuwa wameleta magoti ya bandia, na kwa bahati yapo ya aina mbili. Akayatoa kwenye droo, akayaweka mezani mbele yetu.

"Mama, goti lako limekwisha, mfupa unasaga mfupa," akasema. "Tunakata ncha zilizoharibika, tunavisha chuma juu na chuma chini, katikati tunaweka plastiki ngumu. Sasa, chuma hiki kinashikwaje na mfupa? Hapo ndipo kuna njia mbili. Hiki nyuma ni laini, tunakibandika kwa simenti ya mifupa. Hiki kingine kishike mwenyewe."

Nikakishika. Nyuma yake kilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kinakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu.

"Hicho hakitaki simenti. Tunakigonga kinabana, halafu mfupa wako unaota polepole, unaingia kwenye vitundu, unakishika wenyewe."

Baba Minza alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa meza. "Hiyo simenti mnachanganya kwa kipimo gani?"

"Mzee ni fundi?"

"Miaka thelathini."

Daktari akacheka. "Basi nikuambie kabisa, siyo ile ya mfuko. Ni kama gundi. Ina unga wake na maji yake maalumu, tunachanganya palepale, robo saa imeshakuwa ngumu."

"Mnamwagilia siku ngapi?"

"Hatumwagilii, mzee. Ikiganda imeganda. Haiongezi nguvu kwa kungoja."

Baba Minza akamtazama Minza kama mtu aliyetukanwa na anatafuta shahidi. Daktari akanigeukia mimi. "Mama, wewe unataka nini?"

Niseme ukweli, niliduwaa. Misimu mitatu watu walikuwa wanazungumza juu ya goti langu huku mimi nimekaa hapo hapo, na hakuna aliyeniuliza hilo.

"Nataka kusimama," nikasema.

"Lini?"

"Hata kesho."

"Basi kwa umri wako, na mfupa wako nilivyouona kwenye picha si mzito sana, mimi ningekupa la simenti. Leo tunaweka, kesho unasimama na kukanyaga. Lile lingine linataka mfupa wenye nguvu na muda wa kungoja."

"Nipe hilo la simenti," nikasema. Nililichagua kwa sababu hiyo moja, kwamba kesho yake nitasimama. Naomba mlishike hilo.

Tulipotoka nje Baba Minza akaanza, "Mama Minza, kitu kinachoganda robo saa..."

"Wewe umejenga magoti mangapi?" nikamwuliza. Akaivaa kofia yake, na kwa ndugu tulikofikia hakumaliza chai yake.

Nilipasuliwa mwezi wa nane, wakati watu huku wanang'oa na kuchoma miti ya pamba. Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, wakatundika pazia mbele ya kifua, nikawa macho. Nikasikia msumeno. Nikasikia nyundo. Wengine wanaambiwa hilo wanazimia, lakini mimi nimeishi na nyundo tangu nilipoolewa, na mlio wa kazi inayokwenda vizuri naujua. Kisha ikaja harufu kali sana, kama rangi ya kucha, na chumba kizima kikatulia. Daktari alikuwa amenibana mguu, hatikisiki. Alipoona nimemtazama, akanionyesha kidonge cha ile simenti iliyobaki kwenye vidole vyake, laini kama ugali. Tukakaa hivyo. Muuguzi anataja dakika. Mara daktari akakigonga kile kidonge kwenye sinia la chuma, kikalia ko, ko, ko. "Tayari, mama," akasema. "Hiyo haitakuwa ngumu zaidi ya hapo."

Kesho yake nikasimama. Uongo sisemi, uliuma. Uliuma mpaka nikamwita marehemu mama yangu. Dada wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kufulia mablanketi, alinishika kiunoni akasema, "Kanyaga, mama. Kanyaga na uzito wako wote, halitavunjika." Nikapiga hatua tano nimeshikilia fremu ya chuma. Nililia kwa maumivu na kwa furaha vyote pamoja, sikujua kipi ni kipi. Misimu mitatu, na leo mguu umenyooka chini yangu!

Katika chumba kile cha mazoezi kulikuwa na mwanamume mmoja wa Lalago, mfugaji, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Goti lake liliharibika baada ya kugongwa na fahali. Yeye aliwekewa lile lisilo na simenti. Dada wa mazoezi alikuwa anamwambia kila siku, "Nusu ya uzito tu, baba. Magongo mawili, wiki sita. Mfupa bado haujashika." Baba Minza alikuwa anasimama mlangoni na kofia mkononi, anasikiliza. Alisikia vizuri alichoambiwa yule wa Lalago, akakibeba mpaka nyumbani. Nilichoambiwa mimi hakikumwingia.

Tulirudi Bariadi na maagizo ambayo Minza aliyaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa ubao: tembea, kunja goti mara tatu kwa siku, ukae kitini mpaka kisigino kiingie chini ya kiti, mguu uwe kama kona ya ukuta. Wiki moja Minza alinisimamia. Mtoto yule ni mkali jamani, darasa lake linamjua. Kila mkunjo ulikuwa vita, lakini goti lilikuwa linakwenda, kidole kimoja leo, kidole kimoja kesho. Kisha shule zikafunguliwa, akapanda gari la Mwanhuzi.

Asubuhi ya kwanza bila Minza nilikaa kitini, nikakunja, nikapiga yowe. Baba Minza akaingia mbio kutoka uani.

"Acha," akasema. "Acha, Mama Minza. Litaachia."

"Daktari amesema..."

"Daktari amesema yule wa Lalago angoje wiki sita. Yule ambaye hana simenti hata punje! Sasa wewe uliyemwagiwa juzijuzi ndiyo ulitikise kila saa? Iwe gundi, iwe simenti, kilichofungwa kinaachwa kitulie. Siku ishirini na nane. Zege lolote duniani, siku ishirini na nane."

Ili msimchukie mume wangu, niwaambie kilichompata. Mwaka mmoja kabla ya goti langu, mnunuzi mmoja wa pamba alimpa kazi ya kujenga ghala nje ya mji. Msimu ulikuwa umeshafunguliwa, na yule bwana aliogopa wenzake watamwahi wakulima. Baba Minza akamwaga sakafu Jumatatu, akaifunika magunia mabichi, akaanza kumwagilia. Alhamisi lori likaja limejaa marobota. Akasimama mlangoni, akasema sakafu bado. Wakamwambia mzee, siku hizi biashara haingoji. Lori likaingia. Sakafu ikapasuka kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, na jina lililotajwa sokoni lilikuwa la fundi. Miaka thelathini ya kazi nzuri, na watu wakamcheka mbele ya watoto wake. Tangu siku hiyo akiona kitu kinaharakishwa, anaiona sakafu ile ikipasuka. Asubuhi ile alipokuwa ananiinua kitini alikuwa anaiona.

Alinilaza. Akashona vifuko viwili, akavijaza mchanga, akaviweka pande mbili za goti ili lisicheze. Na mimi sikukataa. Hapa ndipo lilipo kosa langu, na siwezi kumpa mtu mwingine. Nilijua maagizo, daftari lilikuwa juu ya kabati nikilitazama. Lakini nilikuwa nimechoka kuumia. Goti likilala kati ya mchanga haliumi. Mtu akikuambia kwa upendo kwamba usiumie, utasema nini?

Siku ishirini na nane nilitunzwa kama bibi harusi. Alipika ugali mwenyewe, akachota maji mwenyewe, akaniogesha, mwanamume wa Kisukuma, majirani wakiona! Wanawake walikuwa wakija kunisalimu, "Mwangaluka, mayu," wakimwona na sufuria wanaondoka wakinong'ona kwamba waume kama huyu wameisha. Minza alituma barua kwa kondakta wa basi: mama anakunja? limefika wapi? Baba Minza akamwambia mtoto wa jirani aandike kwamba mama anaendelea vizuri. Nilikuwepo. Nilimwacha aandike.

Siku ya ishirini na nane alinyoa ndevu. Mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika, watu wanatafuta mbegu. Aliondoa vifuko vya mchanga kimoja kimoja, akapangusa mguu kwa kitambaa, akanikalisha ukingoni mwa kitanda. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Haya, Mama Minza. Sasa limekomaa. Kunja."

Nikakunja. Goti halikwenda. Nikajaribu tena, nikasaidia kwa mikono. Mguu ulikaa mbele yangu umenyooka kama mwiko wa kusongea ugali, mwembamba, ngozi inang'aa. Hata maumivu hayakuwepo sana, lilikuwa limekataa tu. Baba Minza akashika kisigino, akasukuma kidogo, akaachia kama aliyeungua.

"Labda tuongeze siku," akasema.

Hapo nilimtukana. Naliandika hili nikiwa nimeshatubu, lakini nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nimeyahifadhi. Nikamwambia amenijengea mguu wa kudumu. Nikamwambia lori lile lilikuwa na haki. Neno hilo la mwisho ningelirudisha kama ningeweza. Yeye alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

Tukarudi Mwanza kwa basi. Mguu ulikuwa hauingii kati ya viti, nikaunyoosha njiani, na kila abiria anayeshuka anauruka na kuomba samahani. Benchini tulikaa tena. Na nani nilimkuta pale? Yule wa Lalago, na magongo yake mawili, amekuja kwa ukaguzi wake. Amekaa juu ya benchi refu anabembeza mguu, unakwenda mbele, unarudi nyuma chini ya benchi, kama mtoto aliyekaa kwenye mkokoteni. Baba Minza aliutazama mguu ule muda mrefu.

"Uliambiwa usikanyage," akamwambia.

"Sikukanyaga, mzee," yule akasema. "Lakini kukunja nilikunja tangu siku ya pili. Kila siku. Niliwalaani wote." Akacheka.

Kukanyaga na kukunja ni vitu viwili. Hilo ndilo tulilolipia.

Daktari alipima goti langu kwa kipimo chake cha kupimia mkunjo, akapima tena. "Mama, hili halijakunjwa kabisa. Ilikuwaje?"

Nilifungua mdomo nidanganye. Nilikuwa nimeandaa malaria ya wiki tatu. Baba Minza akanitangulia.

"Ni mimi," akasema, amesimama, kofia mkononi, mlango uko wazi na benchi zima linasikia. "Yeye alitaka kukunja, daktari. Mimi nilimzuia. Nililiwekea mchanga. Nilingoja ikomae."

Nilidhani daktari atamfokea. Alimvutia kiti. "Mzee, kaa. Simenti ilimaliza kazi yake kabla hujamwona mama wodini. Haikuwa na shida, na sasa haina shida. Kinachoganda kwenye goti lisilokunjwa ni nyama. Ni kovu. Kovu ndilo tunalokimbizana nalo."

Wakanilaza usingizi, daktari akalikunja kwa nguvu zake. Nilipozinduka goti lilikuwa limevimba kama boga. Akasimama miguuni pangu, safari hii hakucheka. "Nimelifikisha kwenye kona ya ukuta. Sasa ni lenu. Mara tatu kwa siku, mpaka pale, maumivu yasiwazuie. Likiganda tena itabidi nipasue upya, na siwaahidi kitu. Linaweza kubaki hivyo maisha yako yote." Dada wa mazoezi akaishika mikono ya Baba Minza, akaiweka mahali pake, mmoja juu ya goti, mmoja kisiginoni, akamwonyesha jinsi ya kusukuma.

Basi, dada zangu, swali lenu. La simenti au lisilo na simenti, mwulizeni daktari mfupa wenu ukoje, mwelezeni maisha yenu yakoje, kisha msikilizeni. Mimi langu la simenti limenifaa, na yule wa Lalago la kwake limemfaa, nimesikia anafuata ng'ombe wake mwenyewe. Mkipewa maagizo, hakikisheni ni ya goti lenu, siyo ya goti la jirani. Mjengewe choo cha kukaa kabla hamjaondoka. Kupiga magoti msahau. Mimi nawasalimu wakwe zangu nimesimama, nimeinama kidogo, na wamezoea, ingawa mara ya kwanza mama mkwe aligeuza uso. Na swali langu kwenu, maana mkifika nyumbani daktari hayupo: nani atalikunja? Mfikirieni huyo mtu. Awe mtu anayeweza kuwasikia mkilia na asiache.

Maana mimi niliyekuwa naye hakuweza. Tulirudi nyumbani, na siku tatu za kwanza Baba Minza alisukuma, nikipiga yowe anaachia. Kila akiachia goti linarudi nyuma. Ile kona ya ukuta ilianza kutupotea, tuliiona kwa macho, na siku ya nne asubuhi kisigino hakikufika hata usawa wa mguu wa mbele wa kiti. Mvua ilikuwa imenyesha, majirani wote wako mashambani wanapanda, tuko wawili tu.

Alipiga magoti mbele yangu, akashika, akasukuma. Nikalia. Akaachia.

"Siwezi, Mama Minza. Nitakuvunja."

"Kunja."

"Nasikia kitu kinakatika ndani."

"Kikatike. Baba Minza, nitazame. Sikupasuliwa mguu huu Mwanza ili niutazame kitandani. Nilisema nataka kusimama. Nilisema mbele yako. Lile la lori nilikosea, nisamehe, sikuwa na haki ya kulisema. Lakini leo usiponikunja, umenifunga. Nikilia, sukuma. Nikikuambia acha, usinisikilize."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mfupa wa mguu wangu. Nikadhani anakataa. Kumbe alikuwa anaomba. Kisha akasukuma. Nilipiga ukelele ambao sikujua kama unaweza kutoka kwangu, nikamwambia acha, nikamwambia kwa Kisukuma, nikamwita jina lake la ubatizo ambalo simwiti kamwe, na yeye akasukuma, analia kwa sauti, mwanamume mzima, kamasi zinamtoka, anasema nisamehe, nisamehe, na hakuachia. Ndani ya goti kitu kikararuka kama shuka kuukuu. Kisigino kikaingia chini ya kiti.

Tukabaki hivyo tunalia wote wawili. Hatukusikia hodi. Tukaona mlango umejaa watu: Mama Kabula, jirani yetu, na jembe begani na kanga ameshaifunga kiunoni kama wafungavyo wanawake wakienda msibani, na nyuma yake wengine wanne, matope miguuni, wamekimbia kutoka mashambani.

"Nani?" Mama Kabula akauliza, naye ameshaanza kulia. "Baba Minza, nani katutoka?"

Mume wangu hakuinuka. Alikuwa bado magotini, kisigino changu kikiwa katika mikono yake miwili, ameking'ang'ania chini ya kiti kisirudi.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Limekunjika. Njooni muone, limekunjika."